Indiketa Inalia Mbio? Usinunue Flasha Bado! Hivi Ndivyo Unasaka Shida ya Stima Kwa Ndai Yako

Ilikuwa Alhamisi jioni, mvua imetoka tu kuacha. Nilikuwa barabara ya pembeni ya Thika Road, karibu na Roysambu, nikitaka kukata kushoto. Nikaweka indiketa. Nikasikia tiki-tiki-tiki, mbio kuliko kawaida. Nikapuuza, nikakata.

Nduthi yenye ilikuwa nyuma yangu ilikuwa ishaanza kunipita na kushoto. Msee alishika breki, akateleza, akasimama hivi karibu na mlango wangu. Hakuumia, shukrani. Lakini vile aliniangalia, manze! Akaniuliza tu, "Boss, sasa mimi ningejuaje unakata?"

Nikashuka kucheki. Indiketa ya mbele ilikuwa inapepesa poa. Ya nyuma, ile yenye huyo jamaa alikuwa anafaa kuona, ilikuwa giza.

Kitu kinauma ni kwamba hiyo tiki-tiki ya mbio nilikuwa nimeisikia wiki mbili mzima. Fundi mmoja wa mtaa hata alikuwa ashaniuzia flasha ingine, ati yangu imechoka. Nikatoa doo, na kabla nifike keja ikawa inalia vile vile. Shida ilikuja kupatikana kwa taa yenyewe: chuma cha erthi ndani ya soketi kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Kilipigwa msasa dakika tano, stori ikaisha.

Hapo ndipo nilijifunza kitu kimoja chenye nataka uende nacho leo: indiketa ikiharibika, vile inajibeba ndiyo inakuambia shida iko wapi. Ukijua kuisoma, unapima mahali pamoja ama pawili, na unanunua kitu kimoja tu, ama hununui kitu.

Kwanza, stima inapita njia gani?

Stima ni kama mat. Lazima iende na lazima irudi. Ikikosa njia ya kurudi, hata kuenda haiendi.

Inatoka kwa betri, inapita kwa fyuzi, inaingia kwa flasha, ile kitu inakata na kurudisha stima ndio taa ipepese. Kutoka hapo inaenda kwa swichi, yaani ule mkono unasukuma kando ya usukani. Swichi inaamua: kushoto ama kulia. Kila upande una balbu ya mbele, ya nyuma, na mara nyingi kadogo ka pembeni ama kwa kioo. Ikishapita kwa balbu, stima inarudi kwa betri kupitia body ya gari. Hiyo njia ya kurudi ndiyo mafundi wanaita erthi.

Hazadi nazo? Zinatumia balbu zile zile na waya zile zile za kushoto na kulia, na kwa gari nyingi hata flasha ni moja. Tofauti ni huku mwanzo. Hazadi inachukua stima moja kwa moja kwa betri, ndio maana inawaka hata ukiwa umetoa ufunguo. Indiketa inangoja ufunguo uwe ON. Kwa hivyo gari nyingi ziko na fyuzi tofauti za hizi vitu mbili, na hiyo tofauti itakusaidia sana hapo mbele.

Ndai za juzi juzi nyingi hazina flasha ya kushikika. Kazi yake inafanywa na kompyuta ya body, na ile tiki-tiki unasikia inaweza kuwa ni spika tu inakuigizia. Lakini balbu, soketi, waya na erthi ni story ile ile.

Kwa nini inalia mbio?

Kulingana na kanuni za kimataifa za magari, indiketa inafaa kupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ikipita hapo, kuna kitu gari inakuambia.

Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21. Kwa stima ya volti 12, hiyo inakula karibu ampi 1.75. Ya mbele na ya nyuma pamoja ni ampi 3.5. Flasha ya kielektroniki inapima hiyo hesabu kila saa. Balbu moja ikizima, mzigo unashuka karibu nusu, flasha inagundua, inaanza kukimbia mbio karibu mara mbili. Iliundwa hivyo makusudi, ndio dereva ajue kuna taa imezima bila kushuka.

Umeona hiyo? Flasha inakimbia juu iko sawa. Ni kama umefukuza soja wa gate juu alipiga kelele akiona mwizi.

Flasha za kizamani kabisa, zile za kupata moto ndani, zinafanya kinyume. Balbu ikizima, yenye imebaki inapepesa polepole ama inakaa imewaka tu.

Soma dalili kabla ufungue kitu

Egesha mahali sawa, vuta handibreki, ufunguo ON, injini si lazima. Weka kushoto, shuka, zunguka gari. Weka kulia, zunguka tena. Alafu weka hazadi, zunguka mara ya tatu. Andika kwa simu ni gani inawaka na ni gani haiwaki. Sasa linganisha na hii list:

1. Upande mmoja unakimbia mbio, mwingine uko fiti. Balbu moja ya huo upande haiwaki. Shida ni balbu, soketi ama erthi. Usiguse flasha.

2. Indiketa zote zimekufa lakini hazadi inafanya. Hii ni habari njema. Balbu, waya na erthi ziko sawa. Cheki fyuzi ya indiketa, alafu swichi.

3. Hazadi imekufa lakini indiketa zinafanya. Fyuzi ya hazadi ama kile kibonyezo chekundu cha pembe tatu.

4. Zote zimekufa, indiketa na hazadi. Cheki fyuzi zote mbili. Zikiwa sawa, flasha ndiyo mshukiwa, ama stima yenye inailisha, ama erthi yake.

5. Upande mmoja umekufa kabisa kwa indiketa, lakini hazadi ikiwekwa huo upande unawaka. Swichi ya mkono imechoka.

6. Zinawaka bila kupepesa, pande zote. Hapa sasa flasha ni mshukiwa wa ukweli.

7. Ukiweka indiketa, taa ya breki ama ya usiku inapepesa nayo, ama zote zinakuwa hafifu. Erthi ya hiyo taa ni mbaya. Stima imekosa njia ya kurudi, inajipenyeza kwa balbu za jirani.

8. Ukiweka kushoto, kulia nako kunawaka. Waya za pande mbili zimeshikana mahali. Anzia penye alarm ilifungwa, juu alarm nyingi huunganishwa na waya za indiketa za pande zote.

9. Pande zote mbili zinakimbia mbio. Kuna mtu aliweka balbu za LED ama balbu zenye si saizi yake.

Hiyo list peke yake inaweza kukutolea kazi nusu. Hujatoa hata skrubu moja.

Vitu utahitaji

Huhitaji mashine kubwa. Tafuta testa ya taa, ile iko na ncha kali, balbu ndani ya mpini, na waya wa kushikisha. Duka za spea huko Grogan na Kirinyaga Road haziwezi kukosa. Ongeza bisibisi, kipande cha msasa laini na balbu mpya moja ya saizi sahihi. Ukiwa na multimita, fiti zaidi.

Kabla utumie testa, ipime. Shikisha waya wake kwa negativu ya betri, gusa positivu na ncha. Ikiwaka, iko sawa. Wasee wengi wametafuta shida saa nzima kumbe ni testa imekufa.

Onyo moja kubwa: waya zenye zimefunikwa na manjano, haswa karibu na usukani, mara nyingi ni za eabegi. Usizidunge na kitu chochote, hata multimita.

Hatua ya 1: Balbu

Toa balbu yenye haiwaki. Ngoja ipoe kama ilikuwa inawaka. Angalia ule uzi mdogo ndani: umekatika? Kioo kimekuwa cheusi? Hiyo imeenda. Ukiwa na multimita, weka kwa ohm. Balbu nzima ikiwa baridi itasoma chini sana, karibu na sufuri. Balbu iliyokatika haisomi kitu.

Hauna kipimo? Badilisha balbu ya kushoto na ya kulia. Shida ikihama na balbu, ni balbu. Shida ikibaki pale pale, songa hatua ya pili. Hii haikugharimu hata bob.

Chunga vile unanunua. Soma maandishi ya chini: inafaa kuwa 12V na 21W. Lori nyingi zinatumia volti 24, na hizo balbu zinafanana sana na zako. Ukiwekewa ya 24V kwa Vitz, itawaka hafifu na itakula stima kidogo sana kuliko ile flasha inatarajia, kwa hivyo mbio inarudi na unaanza kulaumu flasha tena. Pia, kama kioo cha taa yako ni cheupe, balbu lazima iwe ya rangi ya chungwa.

Hatua ya 2: Soketi na erthi

Hapa ndipo shida nyingi zinajificha, na ndipo mafundi wa haraka hawaangalii. Mvua ndefu za Machi hadi Mei, kuosha gari na mashine ya presha, taa yenye ilifunguliwa ikarudishwa bila mpira wake: maji yanaingia, chuma kinaota kijani, stima inakataa kupita.

Acha indiketa ya huo upande ikiwa imewekwa, balbu ikiwa nje. Fanya vipimo viwili:

Kipimo cha kwanza: shikisha waya wa testa kwa negativu ya betri, ama chuma safi cha body chenye hakina rangi. Gusa kile chuma cha katikati ndani ya soketi. Testa ikipepesa, stima imefika. Swichi, flasha na waya wa huo upande wote ni wazima, usiwaguse.

Kipimo cha pili: geuza. Shikisha waya kwa positivu ya betri, na ncha iguse chuma cha erthi cha soketi. Testa inafaa kuwaka bila kupepesa. Isipowaka, ama ikiwaka hafifu, erthi yako imekatika ama imeota kutu.

Betri iko mbali na taa ya nyuma? Ongeza waya mrefu. Usichoke ukaruka hiki kipimo, juu ndicho kingeniokoa mimi.

Wenye multimita, kuna njia safi zaidi. Rudisha balbu, weka indiketa, pima volti kati ya chuma cha erthi cha soketi na negativu ya betri. Taa ikiwaka, inafaa kusoma karibu sufuri, chini ya 0.2. Ikisoma volti moja ama zaidi, stima inapotelea hapo njiani.

Dawa ni rahisi. Zima kila kitu, piga msasa chuma cha soketi, kaza skrubu ya erthi penye inashika body, na kama chuma kimelegea kikunje kidogo kishike balbu vizuri. Soketi ikiwa imeyeyuka, badilisha soketi peke yake kabla ukubali kuuziwa taa nzima.

Hatua ya 3: Fyuzi

Gari nyingi ziko na sanduku mbili za fyuzi: moja chini ya dashibodi, ingine chini ya boneti. Angalia kifuniko, tafuta herufi TURN ama HAZ. Huhitaji hata kutoa fyuzi. Juu yake kuna vidoa viwili vya chuma. Ufunguo ukiwa ON, gusa vyote viwili na testa. Vikiwaka vyote, fyuzi ni nzima. Kikiwaka kimoja tu, imeungua.

Rangi inakuambia nguvu yake: kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, bluu ni 15, manjano ni 20. Rudisha ile ile. Usiweke kubwa, na usiweke karatasi ya sigara ama kipande cha waya. Fyuzi imewekwa ife kabla waya zako zishike moto. Ukiizuia kufa, kitu kinafuata kuungua ni waya, alafu ndai.

Fyuzi mpya ikiungua tena, kuna shoti. Cheki inaungua lini. Ikiungua ukiweka kushoto tu, shoti iko upande wa kushoto. Toa balbu zote za huo upande ujaribu tena. Ikikaa, mojawapo ya balbu ama soketi ndiyo mbaya. Ikiungua tena, ni waya umechubuka unagusa body.

Hatua ya 4: Flasha

Sasa ndio tunafika kwa mshukiwa wa fundi. Umefika hapa juu dalili yako ilikuwa namba 4 ama namba 6, sio juu ya tiki-tiki ya mbio upande mmoja.

Kwa gari za zamani zenye flasha ya miguu mitatu, utaona herufi B, L na E. B ni stima inaingia, L ni stima inatoka kuenda kwa taa, E ni erthi. Ing'oe, weka ufunguo ON, pima kwa plagi yake. B inafaa kuwasha testa. E, ukishikisha waya wa testa kwa positivu, inafaa kuiwasha pia. Zikiwa sawa zote mbili, unganisha B na L kwa sekunde chache na waya wenye fyuzi, alafu weka indiketa. Taa zikiwaka bila kupepesa, waya zako ziko poa na flasha ndiyo imekufa. Nunua.

Flasha yako ikiwa na miguu mingi, ama gari ni ya kutumia kompyuta ya body, usijaribu kuunganisha waya hivyo. Hapo peleka kwa fundi mwenye mashine ya kusoma gari.

Hatua ya 5: Swichi na waya

Swichi iliyochoka inajulikana. Ukisukuma mkono inawaka, ukiachilia inazima, ukiutikisa inarudi. Lakini iko kwa usukani, jirani na eabegi. Kama hujawahi fungua hapo, achia fundi. Mwenye kufungua lazima atoe negativu ya betri na angoje dakika chache kwanza.

Waya nazo hukatikia mahali panapokunjwa kila siku: bawaba za buti, mpira wa mlango kwa gari zenye indiketa kwa kioo, na penye mtu aliongeza kitu, kama alarm, traka ama taa za nakshi. Ukiona waya zimesokotwa na kufungwa na selotepu ya stima, anzia hapo. Gari iligongwa nyuma ikapigwa rangi? Anzia hapo pia.

Wasee wa LED, njooni hapa

Umeweka LED ndio ndai ikae fiti kwa picha, sasa indiketa inakimbia kama imekunywa miraa. Hakuna kitu kimeharibika. LED inakula stima kidogo sana, kwa hivyo flasha inadhani balbu zimezima.

Uko na njia tatu. Rudisha balbu za kawaida, yaani bei ya chips na soda. Ama nunua flasha ya LED, kama gari yako inakubali. Ama uweke rizista za kula stima kando ya taa. Hizo rizista zinapata moto mbaya, kwa hivyo zifungwe kwa chuma, mbali na plastiki na kapeti. Na ujue kitu kimoja: ukishaweka rizista, LED ikizima flasha haitakuambia tena. Itabidi uwe unashuka kucheki mwenyewe.

Ukienda kwa fundi, enda na maneno

Si lazima umalize kazi mwenyewe. Fundi mzuri anajua vitu hatujataja hapa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia "indiketa inasumbua" na kumwambia "ya nyuma kushoto haiwaki, balbu nimebadilisha, stima inafika kwa soketi lakini erthi hakuna." Ukisema hiyo ya pili, hakuna mtu atakuuzia flasha. Na akitaka kubadilisha kitu, muulize amepima wapi na amepata nini. Fundi anayejua kazi yake atakuonyesha testa ikiwaka.

Kwa sasa, jitengenezee tabia moja. Kila wiki, usiku, rudi nyuma karibu na ukuta, weka indiketa kushoto na kulia, angalia mwanga kwa kioo. Alafu fanya vile vile ukiangalia ukuta na mbele. Haimalizi dakika mbili.

Na siku utasikia tiki-tiki ya mbio, usiongeze sauti ya ngoma. Simama mahali salama, shuka, zunguka gari. Kuna msee wa nduthi huko nyuma anangoja kujua kama unakata.